Mjomba Povu Anajibu: Glasi Moja, Vibarua Vitatu

Safu hii ni ya wapenda bia nzuri na mlo mwema ambao riziki yao imekatwakatwa vipande: asubuhi huku, jioni kule, wikendi kwa bosi mwingine kabisa. Majina yamefichwa kwa sababu mameneja nao husoma magazeti, hasa wakati wa kazi.

*Mjomba Povu, salamu. Mimi ni kijana wa Kawangware, Nairobi. Asubuhi nauza kahawa katika mkahawa wa watu wenye laptopu, mchana napeleka vyakula kwa boda, na Jumamosi navaa shati jeupe kuwaonyesha viti wageni kwenye harusi za watu nisiowajua. Rosta ya mkahawani hutumwa kwa WhatsApp saa tano usiku na hubadilishwa alfajiri. Furaha yangu ni moja tu: Alhamisi, nikishailaza pikipiki nyumbani, napanda matatu hadi Westlands kunywa glasi moja ya IPA. Bei yake hununua pakiti mbili za unga na sukuma wiki ya kutosha. Dada yangu anasema nimerogwa. Je, nimerogwa?*
Chungu Tamu

Mpwa wangu, hujarogwa. Umekwenda kudai urithi.

Watu hudhani bia za krafti zilizaliwa kwa ajili ya wenye ndevu zilizochanwa na mkopo wa gari. Kumbe waliojenga piramidi za Giza walipewa mgao wa mkate na bia. Huko Mesopotamia, vibao vya udongo vyenye umri wa takribani miaka 5000 vina hesabu za bia waliyogawiwa watu wa kazi. Hata saison, ambayo siku hizi huuzwa kwenye glasi yenye shingo ya twiga, inasimuliwa kuwa ilipikwa majira ya baridi katika mashamba ya Wallonia, Ubelgiji, ili vibarua wa msimu wapate cha kunywa kiangazi. Kwetu nako, mahali pengi, mtu aliyeita majirani kulima shamba alianza na mtungi, na hakuna aliyeshika jembe kabla ya kuuliza kama pombe imeiva.

Historia hiyo ina kasoro moja tu upande wako: wenzako wote walipewa bia na mwenye kazi. Wewe umepewa rosta.

Kwa hiyo glasi ya Alhamisi naibariki. Kilichoniudhi ni kwamba barua nzima haitaji chakula cha kuisindikiza. IPA unainywa na nini? Usiniambie chipsi. Hizo za Westlands huletwa kwenye kindoo cha bati, kumi na mbili zikiwa zimesimama kama askari wa gwaride, kwa bei ya robo kuku.

Kula kabla hujapanda matatu. Simama kwa muuza mutura, akukatie pale kwenye ubao, na kachumbari kando. Lakini sikiliza vizuri: siku ya mutura, pilipili uiache. Uchungu wa hopsi na nguvu ya kileo huuchochea ule moto wa pilipili, na utakaa baa ukitokwa machozi mpaka watu wadhani umeachwa. Ukishindwa kabisa kuacha pilipili, agiza bia yenye utamu wa kimea, au ya ngano. Mutura wenyewe, ule uliobabuka vizuri, ungefaa zaidi na stout, maana kimea cha stout nacho kimekaangwa hadi kikawa cheusi, hivyo moshi unakutana na moshi. IPA yako iwekee mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta. Uchungu na gesi husafisha ulimi, na kila tonge linakuwa la kwanza. Bia ya ngano ni ya samaki wa kukaanga, akamuliwe limau.

Mwezi ukiwa kona, tafuta mwenzako mmoja na muagize ule ubao wa glasi ndogondogo za kuonja. Mtaonja nne kwa bei isiyozidi sana ya moja, na mtapata cha kubishania.

*Mjomba, nafanya zamu za jioni kwenye baa ya bia za krafti huku Nairobi. Natakiwa kuwaeleza wateja kwamba bia ina harufu ya balungi na msonobari, lakini bosi hajawahi kuniruhusu kuonja hata tone. Juzi mzee mmoja akaniuliza, "Hii mnayo ya moto?" Mpishi wa bia, anayezionea fahari chupa zake, karibu azimie. Nilipaswa kusema nini?*
Mhudumu Mkavu

Mhudumu, mzee yule ungemwita mbele ya wateja wote amfundishe mpishi. Baridi kali huificha ladha. Ndiyo maana bia isiyo na la kusema hupenda kuletwa ikiwa na barafu shingoni. Stout iliyopoa kidogo tu, hasa ile nzito, hufunguka: unapata kahawa, unapata chokoleti. Wazee wetu wameagiza "ya moto", yaani isiyopitia kwenye friji, miaka nenda miaka rudi, wakachekwa na vijana ambao leo wanalipia kozi wafundishwe jambo hilohilo.

Kuhusu balungi, hiyo si ndoto. Ni mafuta yaliyo ndani ya ua la hopsi. Hopsi iliyosambaza harufu hiyo duniani inaitwa Cascade. Ilitolewa kwa wakulima Marekani mwaka 1972, na Sierra Nevada Pale Ale ya mwaka 1980 ndiyo iliyoipa umaarufu. Mteja wa Nairobi usimtajie msonobari, mti anaoujua kwa mbao. Mwambie ganda la chungwa, au embe dodo lililokaa siku moja zaidi. Na bosi mwambie hivi, kwa upole: mtu asiyeonja huuza kwa kubahatisha, na kubahatisha kunamgharimu zaidi ya vijiko vitatu vya bia. Akikataa, endelea kusema msonobari.

*Mjomba Povu, meneja wetu anasema sisi ni familia. Nimefanya kazi kwake kama kibarua wa kutwa, siku baada ya siku, tangu kabla ya Pasaka. Siku yangu ya kupumzika nilikuwa nimekaa na tilapia wangu na bia ya ngano, povu bado limesimama, akapiga simu: "Njoo, mwenzako amekwama." Nilienda. Niliporudi samaki amekuwa mgumu na paka amenenepa.*
Mtoto wa Familia, Kisumu

Familia gani hukulipa kwa kutwa?

Mpwa, simu ya meneja haina kishindo kama Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi. Kifungu cha 27 kinampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Sasa, sheria haiamki yenyewe asubuhi ikaenda kumgongea meneja. Nunua daftari. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Jumbe za M-Pesa za malipo usizifute hata simu ikilalamika imejaa. Futa picha za harusi za binamu. Ukiwa na hayo, ofisi ya kazi ina pa kuanzia, na meneja naye huanza kukuita kwa jina lako badala ya "mwanangu".

Simu ikilia tena povu likiwa limesimama, iache ilie. Povu halirudi.

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni wa Moshi. Msimu wa watalii nabeba mizigo Kilimanjaro. Mvua zikianza naendesha bajaji ya mtu, na Jumapili nachoma nyama kwenye grosari ya shemeji. Rafiki yangu amekuja kutoka Dar na chupa ya bia nyeusi ghali. Anasema hii ndiyo bia ya watu waliostaarabika, na kwamba mbege ni ya wazee wasiosafiri. Bia yake niliipenda, hilo ndilo linaloniuma. Chupani imeandikwa "porter". Nimsaliti babu, mpika mbege?*
Mpagazi wa Marangu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara ya pili nikiwa nimesimama.

Bia hiyo imepewa jina la kazi yako. Katika karne ya 18, London ilijaa wapagazi waliobeba magunia na makasha kutoka melini na kuyapitisha mitaani, wakilipwa kwa mzigo. Bia nyeusi, nzito, yenye kushibisha ndiyo iliyowafaa, wakaizoea hadi ikaitwa kwa jina lao. Rafiki yako aliyekuja na basi la kiyoyozi anakufundisha ustaarabu kwa kinywaji cha watu waliokuwa na alama za kamba mabegani. Wewe, unayepandisha kilo 20 mlimani na kumpita mtalii anayebeba chupa ya maji, ndiye mwenyewe. Kunywa bila haya.

Babu hujamsaliti hata kidogo. Tazama anavyofanya. Ndizi mbivu anazichemsha muda mrefu na kuziacha zichachuke. Ulezi anauotesha kuwa kimea, anausaga na kuupika uji, kisha anachanganya. Na ili utamu usizidi, huchemshwa gome la msesewe likatoa uchungu wake. Hiyo ndiyo kazi ya hopsi, na babu anaichuma kwenye mti. Mbege haichujwi ikang'aa, haikai rafuni, na ukichelewa umeikosa. Mijini watu wanaongeza pesa wapate IPA yenye ukungu glasini. Kwenye kata ya babu ukungu huo ni bure, na unga wa ulezi unaokwama kwenye sharubu ni nyongeza.

Jumapili hii weka meza pale grosari. Nyama ile yenye mafuta, ndizi za kuchoma, porter ya rafiki na kata ya mbege, na rafiki mwenyewe akae kati. Bili umwachie yeye, maana amestaarabika.

*Mjomba, nimechoka na vibarua. Nataka kupika bia yangu jikoni niuze kwa majirani. Nina sufuria, ndoo na moyo. Nyumba ni ya kupanga, chumba kimoja.*
Ndoto ya Umoja, Nairobi

Usiuze. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inataka leseni, na polisi wa Umoja wana pua nzuri kuliko mwonjaji yeyote wa bia.

Ukitaka kujifunza tu, ujue kwamba kupika bia ni kuosha vyombo. Unaosha, unaua vijidudu, unapika saa chache, unaosha tena. Ukizembea, vijidudu vinaingia na unapata siki. Ukifunga chupa mapema, gesi inazipasua usiku wa manane, na mwenye nyumba anakuja na taulo kiunoni. Utakuwa umejipatia kibarua kingine, tena kisicholipa.

Ila sitaki kukuzima kabisa. Ndugu wawili wa ukoo wa Hurst walianzisha Kenya Breweries mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wao, George, akauawa na ndovu. Ndipo bia yao ikapata jina la Tusker, yaani ndovu mwenye pembe. Hatari yako wewe ni mwenye nyumba, naye hata jina la bia hatakuachia.

*Mhariri anawakumbusha wasomaji kuwa barua ziwe fupi. Mjomba anawakumbusha kuwa yeye hulipwa kwa idadi ya barua, kwa hiyo mwenye matatizo mawili ayatume kwa bahasha mbili.*