Shangazi Hayumo Kwenye Ripoti

Tangu sheria ya Dubai ya mwaka 2006, mgeni anaruhusiwa kumiliki nyumba kwenye maeneo yaliyotengwa, na siku hizi benki inaweza kumkopesha hadi asilimia 80 ya bei ya nyumba ya kwanza. Habari kama hizi ni hatari zikifika kwenye vyumba vyetu vya vitanda vya ghorofa, Naif, Deira. Mtu anayelala kitanda cha juu, pua nusura iguse dari, anaanza kupanga rangi ya makochi.

Nyumba niliyoitamani ilikuwa ya dirhamu 600,000. Kianzio 120,000, na ada ya asilimia 4 ya Idara ya Ardhi, yaani 24,000 nyingine. Nilikuwa nazo, nilizidunduliza kwa kulala hapo hapo juu.

Benki nikapokewa na binti wa Kimaskati ambaye bibi yake ni wa Ng'ambo, Unguja. Nilipanga kujieleza kwa Kiingereza kizito. Akaniwahi kwa Kiswahili. Akafungua ripoti ya Al Etihad Credit Bureau, wale wanaompa kila mkopaji alama kati ya 300 na 900.

"Kaka yangu, una kadi ya mkopo."

"Sijawahi kuitumia, dada. Hata bahasha sijaifungua."

Ni kweli. Nilipewa na kijana wa tai karibu na kituo cha metro cha Al Rigga, pamoja na begi la bure. Yule binti akanieleza kwa upole kuwa benki huhesabu asilimia 5 ya kikomo cha kadi kuwa deni la kila mwezi, uitumie usiitumie. Kikomo changu ni 40,000. Basi ile bahasha ilikuwa inanidai 2,000 kila mwezi kabatini, na makato ya madeni yote hayatakiwi kuzidi nusu ya mshahara.

"Na hizi dirhamu 143?"

Laini ya simu niliyoitelekeza nilipohamia mtandao mwingine. Mimi niliisahau, yenyewe haikunisahau.

Baada ya hapo karatasi ilikuwa safi. Nikashusha pumzi. Mchezo wa upatu wa pale Naif, ambao nimeshapokea na bado nachangia, haukuwemo. Wala shangazi yangu wa Tanga hakuwemo, aliyeuza ng'ombe nikapata viza na nauli.

Kadi nikaifunga, 143 nikalipa. Jioni ikaingia sauti ya WhatsApp kutoka Tanga: "Mwanangu, nasikia unanunua ghorofa Dubai. Mungu akuzidishie. Hebu nikumbushe, yule ng'ombe wangu angekuwa keshazaa mara ngapi?"

Hesabu ya shangazi haijui nusu ya mshahara.

Basi wewe unayewaza mkopo wa nyumba huku, funga kadi usiyoitumia, lipa laini uliyoitupa, na barua ya kumaliza deni uitunze. Lakini anza na shangazi. Ukichelewa, utamlipa ng'ombe na ndama zake.