Makoti Mawili, Pantaloni Tatu

Jirani, sogea nikuambie. Na usicheke kwanza, ngoja nimalize.

Mama mkwe wangu yuko Lubumbashi. Mwezi wa saba akapiga simu: anataka mikebuka. Si samaki wa friza. Mikebuka ya Kalemie, ya kuchomwa moshi, ile inayonuka Ziwa Tanganyika lenyewe. Na anataka niilete mimi, maana kila aliyetumwa nayo alifika na vichwa tu.

Sasa utatokaje Kalemie? Treni? Reli ilifika mji huu 1915, inapita Kabalo, inapita Kamina, mwisho Lubumbashi. Lakini mtu anayepanda treni anabeba mkeka, sufuria na makaa, na akiaga hatoi tarehe. Boti mpaka Moba, halafu lori? Mgongo ulikataa kabla yangu. Nikasema basi, mwaka huu napanda ndege, kama wakubwa.

Nikatafuta ya bei ya chini. Ipo kampuni moja, jina naliacha. Ajansi yao ni meza moja, mwavuli mmoja, na dada mmoja mwenye daftari. Watu wakaniambia, papa, kampuni zetu za Kongo ziko kwenye orodha nyeusi ya Ulaya tangu 2006, haziruhusiwi kuruka kule. Sikujali. Sikuwa na safari ya Brussels.

Dada akaandika jina langu kwa biki. Akakosea. Nikanyamaza, bei isije ikapanda. Akasema: "Papa, bagaji kilo kumi. Ikizidi, kila kilo unalipa."

Kilo kumi! Mikebuka peke yake ilikuwa karibu kumi.

Hapo akili yangu ikaamka. Ingeendelea kulala ningekuwa mtu na heshima yangu leo. Nikajiuliza: wanapima nini? Valizi. Mtu hawampimi. Basi nguo zote zikae juu ya mtu! Siku ya safari nikavaa pantaloni tatu, mashati manne, makoti mawili. Koti la ndani nikajaza samaki kila mfuko, mikia juu. Mke wangu akaniangalia, hakusema kitu. Mke akinyamaza hivyo, jirani, ujue ameshaona mwisho wa filamu.

Na Kalemie unaijua. Asubuhi na mapema jua limeshakukalia kichwani. Motari akanizunguka mara mbili. "Papa, hii ni bei ya watu wawili." Nikalipa. Kufika uwanjani, Go-Pass iko wapi? Hiyo kodi ya abiria iko tangu 2009, hata mtoto wa shule anaijua. Mimi nilidhani imo ndani ya bileti. Nikalipa tena. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye soksi.

Ndege yenyewe Let 410. Kazi ya Wacheki, viti 19, injini mbili. Ukinyoosha mikono unashika kuta zote mbili. Lakini ndege ni ndege.

Valizi ikapanda mizani: kilo tisa na nusu. Nikatabasamu kama mgombea. Kijana wa mizani akasema, "Bien. Sasa papa, panda."

"Nipande wapi?"

"Kwa mizani."

Jirani, mizani ile ni ya magunia. Bati la kukanyagia, jeupe kwa unga. Nyuma yangu mstari mzima: mamama wa vitenge, mwalimu mmoja, watoto wasio na adabu. Nikapanda. Mshale ukaenda. Ukaenda. Ukapita pale mshale wa mtu wa kawaida unaposimama. Na kijana hakuandika kimya kimya. Mwenye daftari alikuwa mbali, basi akapiga kelele: "Huyu papa, tisini na nne!"

Nikasema ni makoti.

"Vua basi."

Piloti akaja kunielimisha. Eti ndege ndogo haijui papa wala gunia, inajua kilo. Wazito lazima awagawe mbele na nyuma, isije ikaelemewa mkia. Na joto likipanda hewa inakuwa nyepesi, mabawa yanakosa cha kushika, ndiyo maana wanataka kuruka asubuhi. Kwa hiyo kila dakika niliyokuwa navua, nilikuwa naipunguzia ndege nguvu. Abiria wote wakaelewa hivyo. Nikasikia wakiguna.

Koti la kwanza likatoka. La pili nikalivuta kwa haraka, mkebuka mmoja ukachomoka, ukateleza mpaka mguuni kwa mama mmoja. Akauokota. Akaunusa. "Huu umechomwa vizuri," akasema. Hakuurudisha.

Pantaloni ya juu. Pantaloni ya pili. Mtoto anahesabu kwa sauti. Mwisho nikabaki na shati moja na pantaloni moja, ile yenye kiraka, maana nilijua haitaonekana. "Themanini na tatu!" Nyumbani nimesema sabini miaka yote.

Vyote nilivyovua vikasukumwa ndani ya valizi. Sasa valizi kilo ishirini. Pesa ya kulipia ilishakwenda kwa motari na kwa Go-Pass. Kijana akaisogeza pembeni kwa mguu. "Papa, itafuata."

"Lini?"

"Itafuata."

Kupanda ndani, piloti hakuniita jina. Hata lile lililokosewa halikutumika. "Themanini na tatu, wewe kiti hiki."

Tukaruka, ziwa likabaki chini, linang'aa. Nikawakumbuka wale Wabelgiji wa vita ya kwanza ya dunia, 1916. Ndege zao za maji ziliruka upande huu huu zikavuka ziwa kwenda kuwaangushia Wajerumani mabomu Kigoma. Mabomu, jirani! Na hakuna aliyewaambia bagaji itafuata.

Safari ya karibu saa mbili nzima, tukatua Luano, uwanja wa Lubumbashi. Mlango ukafunguliwa. Wewe wa Kalemie hujui baridi. Mwezi wa saba Lubumbashi asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni kama chungu. Na mimi na shati moja. Mimi, mwenye makoti mawili Kalemie! Mama mkwe amejifunga blanketi, ananitazama mikono. "Mikebuka iko wapi?"

"Inafuata, mama."

Akatazama angani, akanitazama tena.

Valizi ikafika siku ya nne. Tukaifungua mbele ya familia nzima. Makoti yapo. Pantaloni zipo. Na vichwa.

Mama mkwe hakukasirika. Alitikisa tu kichwa, kama mtu aliyeshinda kesi. Siku ya kurudi akanipa hata zawadi: unga wa mahindi, kilo 25. "Beba, mwanangu. Si unapanda ndege?"

Nikamshukuru. Halafu nikamwomba koti la marehemu baba mkwe. Akadhani ni baridi. Hapana, jirani. Lilikuwa na mifuko mikubwa.