Namba Tasa ya Mtunza Ghala

Hapo kale, miaka mingi kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, misafara ilipokuwa ikitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, palikuwa na himaya ya wanyama ndani ya miombo ya Unyanyembe, ambako Mtemi Tembo alitawala na Fisi alishika ufunguo wa ghala. Kila kiangazi msafara uliwaletea kete za shanga nyekundu. Wazee waliotangulia, waliojua kwamba vijiji hujaa na kupwa kama maji ya mbuga, walikuwa wameagiza ziwe 5,040 kamili. Kwani idadi hiyo hugawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, hadi kwa kumi, bila kete kusalia wala kijiji kununa.

Mwaka mmoja, shehena ikiwa imelala ghalani usiku mmoja tu, vijiji kumi vilikusanyika chini ya miembe. Kila kimoja kikapata kete 503, na tisa zikabaki. Fisi akainama kwa unyenyekevu, akakumbusha mila isemayo kwamba mabaki ni haki ya mtunza ghala, akazitia kibindoni. Mwaka wa pili vijiji viwili vilikuwa vimehama. Vinane vilivyosalia vikapata 629 kila kimoja, na saba zikabaki. Manung'uniko yakaenea kama moto wa kiangazi.

Mtemi akawaita Bundi, mabingwa wa hesabu. Wakakesha usiku kumi na tisa, kila usiku wakijaribu kigawo kimoja: 2, 3, 5, 7, wakapanda hadi 67, wakakomea hapo, kwa kuwa 71 mara 71 ni 5,041, nayo imekwisha kuipita idadi waliyopewa. Wakatangaza kwamba 5,039 ni namba tasa, isiyo na kigawo ila moja na yenyewe. Hesabu yao haikuwa na doa. Vigelegele vikapigwa, wakalishwa asali, na Fisi akavishwa kilemba cha uaminifu.

Ndipo Punda wa msafara, mwenye madonda mgongoni, akaomba ruhusa ya kusema. "Wazee wangu, tulipotoka Mgunda Mkali tulizihesabu kete hizi pale Tura, zikawa 5,040. Hiyo moja imetokea mlango gani?"

Baraza likanyamaza. Bundi mkuu akajibu kwamba waliitwa kuchunguza tabia za namba, si safari zake. Mtemi akaongeza kwamba mgeni mwenye vumbi miguuni hamhoji mwenye ufunguo. Punda akaomba radhi, akajitwika mzigo wake, akashika njia ya Ujiji.

Tangu siku hiyo watoto wa himaya ile hufundishwa kwamba upungufu wao umetokana na utasa wa namba. Lakini uani kwa Fisi namba hiyo ilikuwa mzazi, na mwaka ule wa kwanza pekee ilizaa kete kumi: moja ya usiku, na tisa za mchana.