Nyota Tano za Kibanda cha Dulwich

Dulwich, kusini mwa London, usiku wa Novemba 2017. Nyuma ya nyumba moja kuna kibanda cha bustani kilichogeuzwa mkahawa. Kuku, aliyeletwa kupendezesha mandhari, yuko tunduni. Mbweha yuko juu ya ukuta. (Maneno yao hakuna aliyeyarekodi, lakini kibanda, nyota na chakula ni vya kweli.)

MBWEHA: Hodi, Bi Kuku!

KUKU: Hodi ya ukutani siijui. Sema shida yako ukiwa hukohuko.

MBWEHA: Nimesoma kuwa huu ndio mkahawa namba moja London nzima kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wateja.

KUKU: Hujakosea. Umeshika usukani tarehe 1 mwezi huu. Mwezi Mei ulikuwa mkiani, nafasi ya 18,149.

MBWEHA: Mpishi wao fundi kweli.

KUKU: Mpishi gani? Hata mkahawa haukuwapo! Unafunguliwa leo, kesho haupo. Mwenye kibanda, Oobah Butler, ni mwandishi. Zamani alilipwa pauni 10 kila aliposifia mkahawa ambao hajakanyaga. Safari hii akabuni wa kwake, rafiki zake wakamjazia sifa. Vyakula akaviita kwa majina ya hisia: huu Upendo, ile Faraja. Picha nazo! Ile krimu ni povu la kunyolea ndevu. Lile yai limekaa juu ya mguu wa mtu.

MBWEHA: Astaghafiru! Na watu wakaja?

KUKU: Simu haikunyamaza. Kila aliyepiga aliambiwa, "Tumejaa." Kadiri walivyonyimwa ndivyo walivyobembeleza.

MBWEHA: (ananusa) Mbona hii harufu ya lasanya ya dukani?

KUKU: Ndiyo hiyohiyo, ya kupasha tu, ya pauni moja hivi. Imerembwa kwa majani juu. Lakini wasikie wale wateja wawili: wanauliza kama sasa itakuwa rahisi kupata nafasi tena! Wameshiba nyota tangu nyumbani, lasanya ni kitoweo.

MBWEHA: Taabu yote hii kwa vinyota?

KUKU: Kwa Butler ni mzaha. Kwa wengine ni hela, bwana. Michael Luca wa Harvard alichunguza mikahawa ya Seattle: nyota moja ikiongezeka kwenye Yelp, tovuti nyingine ya maoni, mapato ya mkahawa usio wa kampuni kubwa hupanda asilimia 5 hadi 9. Sasa mwenye mkahawa atakaa angoje mteja akumbuke kuandika?

MBWEHA: (anajikohoza) Ehe... Na mimi nina huduma yangu. Nalinda mabanda usiku. Nyota tano.

KUKU: Amekupa nani?

MBWEHA: Wateja. Uliza mtaa mzima, hakuna kuku hata mmoja aliyewahi kulalamika.

KUKU: Nitajie mmoja nimwulize.

MBWEHA: Bahati mbaya wamehama.

KUKU: Wote?

MBWEHA: Usiku uleule wa kwanza. Ila nyota waliniachia.

KUKU: Waliandika wenyewe?

MBWEHA: Niliwasaidia. Kuku na simu wapi na wapi, mama? Haya, komeo hili linafunguliwa upande gani, nianze kazi?

KUKU: Pole sana, bwana. Tumejaa. Jaribu tena mwezi wa tatu.