Hospawa za lumbesa

Farasi wa kwanza ninaowajua mimi kupimwa nguvu huku kwetu Ukwere walifeli vibaya. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, akiwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja. Walipofika kijiji cha Kingaru, yule wa Sultani akafa. Stanley akaamuru azikwe. Mkuu wa kijiji akaja kudai faini ya vitambaa, kwa nini mzoga umezikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akamjibu kwamba hakuna neno, atamfukua na kumwacha palepale juu. Mzee akaona bora yaishe. Haukupita muda, farasi wa pili naye akafa.

Farasi huku hawakutufaa. Tulichonacho Chalinze ni hospawa, na hizo zinapita usiku na mchana: njia moja inakwenda Morogoro, nyingine Segera, na pale njia panda kila mwenye gari hushuka kula nyama na kubishana. Wenye mabasi hawabishani, wana ratiba. Wabishi ni wenye vigari vidogo vilivyochezewa: Vitz RS, IST zilizoshushwa chini mpaka zinaogopa matuta, Runx na Starlet Glanza. Utawasikia kabla hujawaona.

Mimi nafundisha fizikia sekondari. Kazi hiyo ina hasara moja ambayo chuoni hawakututajia: mtu akishindwa ubishi, anakuletea wewe.

Shemeji yangu ana Glanza V. Kwa haki, ni kigari kizuri. Kilitoka Japani na injini ya lita 1.3 yenye turbo na hospawa 135. Yeye amebadilisha ekzosi, akaweka ea klina ya wazi, kisha akafunga kidude cha kuongeza presha ya turbo ambacho fundi alikikaza kwa kusikiliza. Sasa anasema zimefika 200. Nilipomuuliza amejuaje, akasema anazisikia mgongoni.

"Mgongo wako umepigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, shem?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mpinzani wake ni mfanyabiashara anayepeleka mananasi ya Kiwangwa hadi Nairobi, mwenye Runx ya injini ya 2ZZ: lita 1.8, haina turbo, hospawa 190 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Hizo ni za kiwandani, na ni farasi wa Kijapani, mwenye wati 735. Wa Kiingereza ana wati 746. Nilipolitaja hilo, wote wawili walinitazama kama mtu aliyekuja kuharibu sherehe.

Dawa ya ubishi huu ni daino. Gari hupandishwa juu ya rola, hufungwa mikanda lisiruke, feni kubwa huwekwa mbele, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Wengi hudhani mashine inahesabu farasi. Haihesabu. Inapima msokoto kwenye rola na kasi ya mzunguko, basi. Hospawa zinatoka kwenye kuzidisha. Chukua msokoto kwa nyutonimita, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Tena hizo ni za tairini, baada ya gia boksi na shafti kula chao. Watu hukisia kwamba chao ni asilimia 15, na hicho ni kisio tu, lakini kwa kisio hicho mmoja anakutajia za injini, mwenzake za tairi, nao wanakesha.

Kwa maoni yangu daino ina faida moja kubwa: gari lako leo asubuhi dhidi ya gari lako hilohilo leo mchana, baada ya kubadilisha ekzosi, mashine ileile, joto lilelile. Hilo halikumfurahisha mtu. Nani anataka kujishinda mwenyewe?

Chalinze nilipo sijaona daino. Nikawaambia ipo njia ya maskini: ukijua uzito wa gari, mwendo wake, na jinsi mwendo unavyoongezeka kila sekunde, ukizidisha vyote vitatu unapata nguvu. Mwendo simu itapima. Uzito tutautafuta kwenye mzani.

Mizani ya barabarani ni ya magari makubwa, kwa hiyo tulikwenda kwenye machimbo ya kokoto upande wa Lugoba, wana mzani wao. Karani alitoka na daftari, akalizunguka Glanza.

"Mmebeba nini?"

"Hatujabeba kitu, kaka. Tunapima gari."

"Gari tupu linapimwa likija kupakia. Mnapakia tani ngapi?"

Tulieleza. Nilieleza hata Newton. Karani alisikiliza kwa adabu zote, akasema daftari lake lina safu ya mzigo na safu ile haiachwi wazi. Mwishowe shemeji akanunua ndoo nne za kokoto, zikamiminwa kwenye buti, boneti ya gari ikatazama mawinguni, na karani akaandika kwa mwandiko mzuri: kokoto, kilo 120.

Mwenye machimbo alituruhusu kutumia barabara yake ya ndani siku ya Jumapili, malori yakiwa yamelala. Runx ilitangulia. Ikifika mizunguko 6,000 hivi injini ile hubadili sauti na nguvu zote huja kwa pamoja, na kwenye vumbi zilikwenda zote kwenye tairi: mshale wa spidi ulionyesha 80 huku gari likitambaa, nasi nyuma yake tukila mchanga. Glanza ilipoondoka, simu niliyoibandika kwa selotepu ilibanduka, ikagonga gia, ikaanguka chini ya kiti. Programu ikahesabu na hilo anguko. Hospawa 612. Nilipoifuta, shemeji alikuwa ameshapiga picha; bado iko kwenye stetasi yake.

Tukarudia, safari hii simu nimeishika mwenyewe. Glanza ikatoa namba nzuri, nzuri mno. Mfanyabiashara wa mananasi hakusema kitu. Alitembea polepole mpaka nyuma ya kichaka, akarudi na kokoto moja kiganjani.

"Mwalimu, umeandika uzito gani?"

Nilikuwa nimeandika ule wa mzani, pamoja na kokoto. Kokoto zenyewe zilikuwa nyuma ya kichaka. Kilo 120 kwenye gari la kilo 1,100 ni zaidi ya asilimia 10: hospawa kama 12 za bure, zimeshonewa juu ya mdomo wa gunia.

"Hiyo ni lumbesa," akasema. Mtu wa mazao huwezi kumdanganya kwa ujazo.

Ndipo yeye akatoa karatasi. Alikuwa ameshapima Nairobi, kwenye daino ya kweli, na grafu yake ya rangi: hospawa 160 za tairini, zimezungushiwa wino. Nikaikunjua yote. Kwenye mkunjo kulikuwa na namba nyingine, ndogo: 134.

Zote ni za kweli. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Mashine huijazia ili namba ifanane na ya mtu wa pwani. Wamarekani wana kanuni yao ya SAE, Wajerumani wana DIN. Gari lilisukuma 134. Zilizobaki ni za hisabati.

Shemeji alikuwa akisikiliza kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha.

"Na turbo je, shem? Nayo wanaijazia?"

Nilimjibu kwa haki ya taaluma. Turbo huzunguka kwa kasi zaidi na kuisindilia ile hewa nyepesi, kwa hiyo hupoteza kidogo tu. Lakini fundi wa daino akiiacha mashine ijaze vilevile, gari litalipwa fidia ya hasara ambayo halikuipata.

Akanyamaza. Kisha akauliza kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita ngapi. Nikamwambia 800 hivi, kupitia Namanga.

Aliondoka Ijumaa alfajiri. Hata Segera hakuwa amefika simu yangu ilipoita: yuko Mkata, amepigwa tochi, 67 kwenye 50, faini shilingi 30,000.

"Shem," akasema kwa sauti ya chini, nadhani trafiki alikuwa amesimama pembeni, "hiyo 67 ni ya tairi, au wameshaijazia?"