Mtumishi Hewa wa Ukunguni

Juu ya mji wa Quito, nchini Ekuador, kwenye miteremko ya volkano ya Pichincha, upo msitu ambao mawingu hayapiti juu yake, hupita ndani yake. Ukungu huingia kati ya miti asubuhi na kulowesha magome, na maji hudondoka hata siku isiyo na mvua. Huko ndiko kwao wavumaji, ndege wadogo wanaonyonya maua wakiwa wamesimama hewani, mabawa yakipiga kwa kasi hadi yanavuma. Zipo aina zaidi ya 300, zote za mabara ya Amerika, na Ekuador peke yake ina zaidi ya 130. Kwetu Afrika hayupo hata mmoja. Kazi inayofanana na yao hufanywa na chozi, ila chozi aghalabu hutua kwanza ndipo anyonye.

Katika msitu huo ndege, wanyama na mimea walikuwa na kijiji chao, Ukunguni, na mwenyekiti wao alikuwa Dubu. Dubu wa milima ya Andes ana manyoya meupe yaliyomzunguka macho mithili ya miwani, na wanakijiji waliamini kwamba mwenye miwani huona mbali.

Hazina ya kijiji ilikuwa kwa Bibi Mkarakara, mtambaazi wa ukoo uleule wa pesheni tunazokamua juisi. Maua yake yalikuwa ya waridi, yamening'inia, kila moja na shingo ndefu kuliko kidole cha mtu mzima. Chini kabisa ya shingo hiyo ndimo ilimokaa nekta. Mlangoni, penye petali, zilisimama stameni zimebeba chavua. Mpango huo ulikuwa mkataba wa kale: nekta ni mshahara, chavua ni kazi. Asiyeweka uso wake mlangoni hakuweza kuufikia mshahara, na aliyeuweka aliondoka na unga wa chavua usoni, akaupeleke kwa mkarakara mwingine ng'ambo ya korongo. Hivyo ndivyo matunda yalivyopatikana.

Mtumishi wa mkataba huo alikuwa Upanga. Huyu ni mvumaji mwenye mdomo mrefu kuliko mwili wake ukiacha mkia, karibu sentimita 10. Kwa mdomo huo hawezi hata kujichambua manyoya, hulazimika kutumia miguu. Akitua huuelekeza juu, usije ukamwelemea. Ni mzigo wa maisha, lakini ndio ufunguo pekee unaofika chini ya shingo ya ua la Bibi. Kila alfajiri Upanga aliishika njia yake: ua moja hapa, moja kilimani, moja ng'ambo. Hakulinda kichaka chochote, wala hakugombana na mtu.

Siku moja mkutano wa kijiji ulipofika kwenye mengineyo, alisimama Mtoboaji. Ni ndege mdogo mwenye mdomo wa ajabu: taya la juu limepinda kama ndoano, la chini limechongoka kama msharasi.

“Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe,” alisema, “tunamlipa Upanga kwa safari. Nusu ya siku yuko njiani, ua moja hapa, jingine huko. Mimi naweza kuyahudumia maua yote ya Bibi Mkarakara kabla umande haujakauka, bila kuvuka hata korongo moja.”

Wajumbe wakapiga makofi. Mjusi wa kijiji, aliyekuwa karani, akaandika: *Ufanisi.*

Bibi Mkarakara akauliza kwa upole, “Na chavua yangu, mwanangu, ataibeba nani?”

“Nyuki wapo, Bibi.”

Nyuki akainuka. “Tupo, jua likiwaka.”

Hayo maneno mawili ya mwisho hayakuingia kwenye muhtasari.

Dubu alikuwa mwangalifu, hakutaka kumwondoa mtumishi bila uhakiki. Akaunda kamati ya wajumbe watatu, wakaenda usiku nyumbani kwa Upanga. Walimkuta juu ya tawi, mdomo umeelekea mbinguni, mwili wa baridi. Walimwita, hakuitika. Walilitikisa tawi, hakupepesa jicho. Hawakujua, wala hawakuuliza, kwamba mvumaji wa milima ya baridi huishi hivyo. Mchana moyo wake hupiga mara mamia kwa dakika, na chakula chote huunguzwa na kazi. Usiku wa baridi, asije akafa kwa njaa kabla ya alfajiri, huuzima mwili wake kama mtu anayefukia kaa la moto majivuni ili asubuhi alikute hai. Ule usingizi ulikuwa gharama ya kazi ya jana na maandalizi ya kazi ya kesho.

Kamati iliandika mstari mmoja: *Hayupo kazini. Ni mtumishi hewa.*

Basi Mtoboaji akaanza. Hakwenda mlangoni. Alishika shingo ya ua kwa ndoano ya juu, akaitoboa kwa msharasi wa chini, akaingiza ulimi, akanywa. Ua la kwanza, la pili, la kumi. Stameni zilibaki zimesimama mlangoni na chavua yao, kama wenyeji waliotandika mkeka mgeni akapitia dirishani. Jioni taarifa ilisomwa: nekta yote imetolewa, maua yote yamehudumiwa. Makofi tena. Wiki iliyofuata taarifa ikawa ileile, na makofi yaleyale.

Upanga alirudi mara tatu. Mara ya kwanza aliingiza mdomo katika ua, akakuta pakavu. Mara ya pili, pakavu. Mara ya tatu akageuza njia yake, akaendelea na mikarakara ya ng'ambo. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa bado kwa karani inangoja muhuri. Mwaminifu wa Ukunguni hakufukuzwa na barua. Alifukuzwa na chungu kitupu.

Kisha ukungu ukatanda siku nyingi mfululizo, na manyunyu yasiyokatika. Nyuki walijikunyata nyumbani, kama walivyosema. Mwili wa nyuki hupata tabu kuruka katika baridi na maji, ilhali mvumaji hubeba moto wake kifuani na hufanya kazi manyunyuni. Ndiyo sababu maua mengi ya misitu hii yamejivika nyekundu na waridi, wala hayakuhangaika na harufu: yanamngoja ndege mwenye macho. Safari hii yalingoja bure. Yalinyauka, yakadondoka, na mahali pa kila ua pakabaki kikonyo kitupu.

Dubu, mpenda matunda, akaja kwa Bibi Mkarakara na tumbo linalonguruma.

“Bibi, taarifa zinasema huduma ni kamili. Matunda yako wapi?”

“Mwanangu,” akajibu Bibi, “tangu lini taarifa ikaiva?”

Dubu akaokota ua lililoanguka chini. Kwa mara ya kwanza tangu awe mwenyekiti hakutazama petali. Aliligeuza, akalitazama nyuma. Palikuwa na tundu dogo, safi, kwenye shingo. Akaokota jingine, nalo tundu. Akaokota kumi. Matundu kumi.

Ndani ya ua la mwisho akasikia kelele ndogo. Walikuwa utitiri wa maua, viumbe wadogo mno ambao huhama kutoka ua hadi ua wakiwa wamedandia ndani ya tundu za pua za wavumaji.

“Mzee, tumekwama kituoni!” walilia. “Tulizoea kungoja mlangoni. Ndege akileta uso, tunapanda. Huyu bwana mpya hajawahi kuuleta uso wake hapa hata siku moja. Tungempandia wapi?”

Ndipo Dubu alipoelewa. Wadandiaji hawa, ambao nao huonja nekta bila kulipa nauli, walikuwa wamejua ukweli kuliko kamati yake nzima, kwa sababu wao walikuwa mlangoni.

Akavuka korongo. Ng'ambo alikuta mkarakara umeelemewa na matunda, na mbele ya ua mojawapo amesimama hewani mtumishi hewa, uso wake umejaa unga wa chavua. Dubu alitaka kumwomba arudi, lakini ndege hawa hawarudishwi kwa hotuba. Upanga hurudi panapolipa mlango wa mbele, basi.

Akaitisha mkutano. Mtoboaji alijitetea: hakusema uongo wowote, nekta ilitolewa yote. Na kweli, hakuwa amesema uongo. Kijiji ndicho kilichouliza swali lisilo na maana, kikapewa jibu sahihi. Kilihesabu kilicholiwa, kikakiita kazi.

“Mdomo wako siwezi kuunyoosha,” Dubu alimwambia. “Msituni zipo beri na wadudu, navyo ni chakula chako pia. Hapa kwa Bibi mshahara ni wa anayebeba.”

Tangu siku hiyo Dubu aliacha kusikiliza taarifa za jioni. Alfajiri alikaa chini ya mkarakara, katika baridi, na kila aliyekuja kudai nekta alimwambia neno moja: “Nionyeshe uso.” Aliyekuja na uso mkavu kupitia nyuma ya ua alimkuta Dubu nyuma ya ua.

Asubuhi ya kumi na mbili, ukungu ukiwa bado mzito, kulisikika mvumo. Mdomo mrefu ulitokeza kwanza, kisha mwenye mdomo. Upanga alisimama hewani mbele ya ua, akauingiza upanga wake taratibu hadi uso ukagusa stameni. Dubu hakumuuliza kitu. Alfajiri hiyo chavua ya ng'ambo ilifika Ukunguni.

Petali zilinyauka siku zilizofuata, kama zilivyonyauka zile za kwanza. Lakini zilipodondoka, kwenye kikonyo palibaki kitu kidogo, kijani, kigumu. Dubu alikigusa kwa ncha ya ukucha, kisha akakaa tena chini kulinda mlango.