Hariri Juani, Runinga Kivulini

Sebule za Kombewa hazipendi ukuta mtupu. Picha za marehemu zimeinama karibu na dari, na kalenda za miaka iliyopita zimegoma kustaafu. Basi akiletewa mchoro wa hariri kutoka China, mwenye nyumba hukimbilia Kisumu mjini kutafuta fremu ya kioo.

Fremu ya nini? Mchoro huo huja na ufito juu na mti wa mviringo chini, ambao uzito wake huunyoosha. Msumari mmoja na kipande cha uzi wa nailoni wa mvuvi vinatosha.

Wachina kwa desturi huutundika kwa muda, kisha huuviringisha kama mkeka na kuuweka sandukuni, maana mwanga hupausha hariri. Huku Kombewa mchoro hukaa mkabala na dirisha, Januari hadi Desemba. Runinga ndiyo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma.